Bi Clotilde Perrachon, Sauti ya Chini ya Jukwaa la Navette

Tarehe 30 Juni 1976, onyesho la mwisho la msimu likiisha, Bi Clotilde Perrachon atafunga kitabu chake, atazima taa yake ndogo na kuondoka katika kibanda cha mnong'onezaji baada ya kuitumikia Navette miaka arobaini na mitatu kasoro miezi mitatu. Katika muda huo amepiga chafya kazini mara mbili tu, zote mbili katika michezo ya huzuni, na amekosekana wiki kumi na moja ambazo hakuziomba yeye. Habari za wiki hizo zitafika mahali pake.

Mkurugenzi alinitaka niandike wasifu huu kwa ukurasa mmoja. Nilimjibu kwamba mimi ni mshonaji wa maleba, na nimezoea kuambiwa kitambaa kitatosha kumbe hakitoshi. Nimeunga.

Wengi wenu mlioajiriwa juzi mnadhani kile kibanda kilicho mbele ya jukwaa, chenye kofia kama ganda la konokono, ni mahali pa kuweka taa. Mle hukaa mtu. Huingia kwa chini, kiwiliwili kikabaki gizani, kichwa kikawa sawa na miguu ya waigizaji. Ameipa hadhira kisogo, kitabu kiko mbele yake, na mwigizaji akipotewa na maneno yeye humrushia neno moja, basi, si mawili. Akimpa mapema, mwigizaji hukasirika kwa kuonekana mjinga. Akichelewa, ukumbi mzima humwona mjinga. Kati ya mapema na kuchelewa pana nafasi ya pumzi moja, na Bi Clotilde ameishi katika nafasi hiyo maisha yake yote ya kazi.

Alikuja kwetu tarehe mosi Oktoba 1933, binti wa miaka kumi na tisa, kuwaonyesha watu viti vyao. Wiki ya tatu mnong'onezaji wa wakati ule alishikwa na kikohozi. Clotilde akaambiwa ashuke amshikie kwa jioni moja. Jioni hiyo ndiyo inayoisha mwezi huu. Siri yake ilikuwa nyumbani kwao: baba yake alikuwa mfumaji wa hariri mtaa wa Croix-Rousse hapa Lyon, na nyumba yenye mitambo miwili ya kufumia humfundisha mtoto ama kupiga kelele ama kupitisha sauti chini ya kelele. Yeye alijifunza la pili. Husema neno likamfikia mtu mmoja, na aliye hatua mbili pembeni asisikie kitu.

Mimi niliajiriwa mwaka 1938, nikamkuta tayari ana sifa na tayari ana adui.

Adui huyo alikuwa Bwana Anthelme Grataloup, mwigizaji wetu wa nafasi za waume. Mume aliyesalitiwa, mume mwenye wivu, mume aliyerudi mapema: mradi kuna mume, Anthelme yuko. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kengele na masharubu aliyoyapenda kuliko jamaa zake. Maneno hayakumkaa kichwani hata dakika kumi. Mwaka 1937, alipopotewa katikati ya onyesho, aliinama mbele ya kibanda mbele ya watu mia sita akasema, "Mama, sema kwa sauti, hata mimi sikusikii." Watu wakacheka. Anthelme alipoona wamecheka, akaifanya desturi. Kila mchezo, angalau mara moja, lazima amwambie mama aseme kwa sauti.

Bi Clotilde, ambaye alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuwa mama wa mtu, alivumilia miezi minane. Mwezi wa tisa alimpa neno lisilokuwamo, naye Anthelme, aliyezoea kudaka chochote kinachotoka chini, akaomba ndoa kwa mwigizaji aliyekuwa mama yake mzazi katika mchezo. Tangu siku hiyo hawakusemezana nje ya kazi. Mmoja akipita koridoni huku, mwingine hupita kule.

Sasa niseme jambo ambalo Anthelme angenigombeza kwalo, lakini ametangulia mbele ya haki. Kweli alikuwa hasikii. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na mizinga katika vita vya kwanza, na kwa majivuno hakumwambia mtu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lake halikusikia hata mchezo. Bi Clotilde aliligundua wiki ya kwanza. Hakumwambia yeyote, hata katika miaka waliyonuniana, ila alianza kungoja mpaka mtu huyu amwelekezee sikio la kulia ndipo amtupie neno. Mimi nimelijua kwa sababu niliwahi kumpima kofia, nikamwuliza kwa upande wa kushoto kama inambana, akanijibu kwamba ameshakula.

Vita vilipokuja, kazi ilibadilika kwa namna ambazo vitabuni hazimo. Ngozi iliadimika, watu wote wakavaa viatu vyenye soli za mbao, na waigizaji watano wakitembea jukwaani ilikuwa kama farasi wanashushwa ngazi. Bi Clotilde alijifunza kunong'ona kati ya hatua na hatua. Mimi niligundisha vipande vya blanketi chini ya soli, na kwa hilo peke yake nadhani nilistahili medali. Makaa ya mawe hayakuwapo. Watazamaji walikuja na mablanketi na matofali yaliyopashwa moto, wakiyafunga kwa magazeti, na ukumbi ukanuka kama jiko la mtu maskini. Walikuja kila siku, ukumbi umejaa, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na baridi ileile na hakuna wa kuchekesha.

Chakula cha jukwaani nacho kilikuwa kisa. Nyama ya nguruwe tuliichonga kwa mzizi wa rutabaga, tukaipaka rangi kwa maji ya bitiruti. Anthelme aliila yote, na rangi yake. Siku moja mtu wa kijijini alituletea yai, yai kweli, na mkurugenzi wetu wa siku hizo, Bwana Fleury Gonin, akaamua liliwe katika tukio la kifungua kinywa. Mwigizaji alipogonga ganda na kiini kikaonekana, ukumbi wote ulishusha pumzi kwa pamoja, kisha wakapiga makofi. Lilikuwa yai la kwanza kupigiwa makofi mjini Lyon, na Anthelme alilionea wivu wiki nzima.

Sasa nifike Jumapili ya tarehe 14 Machi 1943.

Wajerumani walikuwa mjini tangu Novemba. Kila mchezo ulipelekwa kwanza kwa wakaguzi, ukarudi na mihuri, na neno lisilo na muhuri halikuruhusiwa kusemwa. Tulikuwa tukicheza kichekesho kiitwacho Mume Anarudi Alhamisi, onyesho la alasiri. Anthelme alikuwa mume, mfanyabiashara wa miavuli. Raymonde Sauzay, mwanamke mwepesi wa akili kuliko wote niliowavisha, alikuwa mke. Hawara alikuwa kabatini, kama ilivyo ada. Katika sehemu ya tatu Anthelme hutokea na nguo za kulalia, kofia ya kitandani na ndara, na karibu na mwisho hutoa hotuba ndefu juu ya miavuli, ambayo ndiyo peke yake aliyoijua kwa moyo, na ambayo kila siku ilipigiwa makofi.

Saa kumi na robo, sehemu ya tatu ikiwa imeshaanza, watu watatu wa polisi ya Kifaransa waliingia kwa mlango wa waigizaji. Mimi nilikuwa nimepiga magoti koridoni nikishona pindo. Walimwambia Bwana Gonin wanamtaka Grataloup.

Bwana Gonin alikuwa mtu mwoga, na sisemi hivyo kwa kumtukana. Alijua mwenyewe, na siku hiyo aliutumia woga wake vizuri. "Yuko jukwaani," alisema. "Mkitaka mtoeni sasa hivi. Ila safu za mbele zimejaa maofisa wa Kijerumani, wanacheka. Nani kati yenu ataenda kuwaeleza kwa nini tumekata?"

Walitazamana. Mkubwa wao akauliza pazia linashuka lini.

"Dakika ishirini na tano."

Mmoja akasimama upande wa kulia wa jukwaa, mmoja kushoto, wa tatu akarudi kulinda mlango wa nyuma. Mlango wa mbele, wanakoingia watazamaji, hawakumweka mtu. Nani angewaza kwamba mwigizaji atatokea huko?

Sikujua Anthelme amefanya nini. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba yule mtu wa masharubu, tuliyemdhania hawezi kukumbuka hata siku ya wiki, alikuwa akisafirisha vitambulisho bandia kwa wanaotafutwa, na kwamba alivishona ndani ya bitana za maleba yangu. Nami miezi minne nilikuwa nikilalamika kwamba makoti yameota uzito. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: wanaochukuliwa na watu wale huwa hawarudi kesho yake. Nikashuka ngazi za chini ya jukwaa, nikafika kibandani, nikamvuta Bi Clotilde sketi.

"Polisi. Wawili pembeni, mmoja nyuma. Wanamngoja Grataloup, pazia likishuka tu."

Hakugeuka. Hakuuliza kwa nini. Kidole chake kilibaki kwenye mstari.

"Mlango wa mbele?" alisema.

"Hakuna mtu."

"Panda juu. Wakikuuliza kama yanayosemwa yamo kitabuni, sema yamo."

Nikapanda, nikasimama nyuma ya yule polisi wa upande wa kulia, sindano mdomoni ili nionekane nina kazi. Na hapo ndipo nilipoona shida ilipo. Katika tukio lile Anthelme huketi kwenye kiti cha mkono akiwa ameelekeza kibandani sikio la kushoto. Hata tarumbeta asingeisikia.

Bi Clotilde akamgeukia Raymonde. Nilikuwa namtazama Raymonde, nikamwona amepepesa jicho mara moja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Alikuwa ameambiwa: "Mwinue. Mgeuze kwangu." Hilo halikuwamo katika kitabu, wala hakuelewa, lakini miaka kumi alikuwa hajapata kudanganywa na kile kibanda. Akamshika mume wake mkono, akasema, "Mpenzi, hebu simama nikutazame vizuri, umekonda," watu wakacheka kwa kuwa Anthelme ndiye mtu pekee aliyebaki mnene mjini, akamzungusha kama mtu anayegeuza mkate.

Sikio la kulia likaelekea chini. Yaliyosemwa hapo aliniambia Raymonde, aliyekuwa amesimama karibu.

"Polisi pande zote mbili," Bi Clotilde alimwambia Anthelme. "Shuka kwa watazamaji. Toka mlango wa mbele."

Anthelme alijibu bila kusogeza midomo, na hili sikubuni: "Na hotuba yangu ya miavuli?"

"Utaitoa Uswisi."

Bado hakusogea. Raymonde alisema uso wake ulikuwa umebadilika rangi chini ya poda. Basi Bi Clotilde akampa maneno, naye akayadaka, sauti ikianza nyembamba kisha ikaikuta kengele yake.

"Nimesikia mwanamume akikohoa," alisema Anthelme. "Si hapa. Kule." Akanyoosha kidole ukumbini. "Hawara wa mke wangu amelipa kiingilio."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Akashuka zile ngazi ndogo za pembeni, ndara zikipiga, akaanza kupita katikati ya viti, akimtazama huyu, akimnusa yule, akimwomba bibi mmoja radhi kwa kumshuku mume wake ambaye, alisema, dhahiri hana uwezo huo.

Polisi wa mbele yangu aligeuka. "Hii imo?"

"Imo, bwana. Huzunguka akarudi kwa mlango wa nyuma."

Akakumbuka mwenzake yuko mlango wa nyuma, akatulia. Akakunja mikono. Alikuwa anatabasamu.

Katika safu ya tatu, ofisa mmoja wa Kijerumani alivuta magoti ampishe. Hapo Anthelme angepita tu. Mtu yeyote mwenye akili angepita. Lakini huyu alikuwa mwigizaji, na kando yake palikuwa na watu mia sita. Akasimama, akamtazama ofisa kutoka kwenye buti hadi utosini, taratibu, akatikisa kichwa.

"Si huyu," alisema. "Mke wangu ana macho."

Nilimeza sindano, au nilidhani nimeimeza. Ofisa, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha kuagizia bia, aliona nyuso zote zimemgeukia, akadhani amepewa heshima, akacheka. Basi wakacheka wote, kicheko cha watu walioponea chupuchupu, nacho kilimsindikiza Anthelme mpaka mlangoni. Hapo aligeuka, akainama kupokea makofi. Akainama mara ya pili. Bi Clotilde aliniambia kwamba pale kibandani, akiwa amewapa kisogo, haoni lolote, alikuwa akijipiga goti kwa ngumi na kusema moyoni, toka, mpumbavu, toka. Kisha akasikia springi ya mlango.

Lyon ina vile vichochoro vyetu vinavyopita ndani ya nyumba, ukaingia mlango wa mtaa huu ukatokea mtaa wa chini. Anthelme alivijua vyote. Alishuka kilima alasiri ile ya Machi kwa kofia ya kitandani na ndara, na alikuwa akiapa kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyeshangaa. Mwaka ule kila mtu alivaa alichokuwa nacho.

Yeye aliondoka, sisi tukabaki na robo tatu ya tukio na mchezo usio na mume. Pazia likishuka mapema, polisi wangeanza kutafuta angali mtaa wa pili. Bi Clotilde alihitaji muda, na kitabuni kila ukurasa uliobaki ulimtaka mume. Basi mwanamke aliyekuwa amesema maneno ya wengine tangu akiwa na miaka kumi na tisa akaanza kusema yake.

Alimpa Raymonde mstari, Raymonde akausema. Akampa hawara mstari, hawara akatoka kabatini akausema. Akawagombanisha. Akawapatanisha. Akamrudisha hawara kabatini, maana hakujua la kumfanyia. Dakika kumi na mbili zilipita hivyo. Kisha nikaona Raymonde anangoja, na hakikuja kitu. Akatengeneza mto wa kiti. Akautengeneza tena. Bi Clotilde alikuwa amekauka.

Halafu Raymonde akauinua uso, akasema pole pole: "Kama angalikuwa mume mwema, Alhamisi ningalimpikia kuku."

Watu wakasogea mbele vitini.

"Kuku wa Bresse," akasema Raymonde. "Ningalimkata vipande vinane. Siagi kwenye sufuria, siagi nyingi, mpaka iache kutoa povu."

Ilikuwa namna ya kupika ya mama yake Bi Clotilde. Kibandani alikuwa akiikumbuka hatua kwa hatua, na Raymonde aliipokea kama barua ya mapenzi. Vitunguu. Uyoga wa porini uliolowekwa tangu asubuhi. Glasi ya divai nyeupe, moto upunguzwe. Kisha krimu, na alipofikia krimu sauti ya Raymonde ilitetemeka, naye hakuwa akiigiza, hakuwa ameonja krimu tangu 1940. Kule juu, viti vya bei ya chini, mzee mmoja alisema wazi, "Ongeza, binti, usibane." Watu hawakucheka. Mwanamke mmoja safu ya tano alikuwa akilia bila kujificha. Na polisi wangu, nilimwona kwa macho haya, alikuwa akimeza mate.

Kuku alipopakuliwa, makofi yalidumu muda mrefu kuliko yote niliyoyasikia hapa, na ndipo Bi Clotilde alipoagiza pazia lishuke. Dakika ishirini na sita tangu springi ya mlango.

Mengine yalikuwa ya haraka. Walikimbilia mlango wa nyuma. Mwenzao hakuona mtu. Walipekua vyumba. Mkubwa wao akachukua kitabu chenye mihuri, akakisoma amesimama, akauliza ni nani aliyewaambia watu hawa maneno yale.

"Ni mimi," alisema Bi Clotilde, akitoka chini na taa yake mkononi.

"Kwa nini?"

"Bwana Grataloup alipotewa na maneno. Hupotewa kila siku, waulize wote. Alitoka kwa aibu, nikawasaidia waliobaki. Ndiyo kazi yangu."

"Katika kitabu hiki hakuna kuku."

"Katika Lyon nzima hakuna kuku, bwana."

Walimchukua. Navette ilifungwa mwezi mmoja. Bi Clotilde aliwekwa wiki kumi na moja, akaulizwa Grataloup yuko wapi na wenzake ni akina nani, na kwa kuwa kwa kweli hakujua lolote, hawakupata la kumtoa. Alirudi mwezi Juni, amekonda, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji vizuri hadi leo. Hakutusimulia, nasi hatukumwuliza. Alishuka kibandani, akasema taa imewekwa vibaya, akaendelea kufungua kurasa kwa mkono wa kulia.

Anthelme alivuka milima, akafika Uswisi kweli. Alirudi Oktoba 1944, mji ukiwa huru, akiwa mwembamba na masharubu yaleyale. Swali lake la kwanza, kabla hata ya kuketi, lilikuwa: "Mlimaliza vipi bila mimi?" Tulipomweleza habari za kuku, alinuna. Alitaka kujua makofi yalidumu muda gani kwa hesabu ya saa. Majira yale ya baridi tuliurudisha mchezo ili atoe hotuba yake ya miavuli, aliyoisubiri miezi ishirini na kitu. Akaisahau katikati. Bi Clotilde alimpa neno, akiwa amemgojea amwelekezee sikio la kulia.

Hakumshukuru. Kwa miaka mingi, mezani, mbele ya soseji na mvinyo wa Beaujolais, Anthelme aliisimulia Jumapili ile kama mtu aliyewaona polisi mwenyewe, akakata shauri mwenyewe, akashuka ngazi mwenyewe. Bi Clotilde alikuwa mezani, akikata mkate. Ukimkanyaga mguu kumhimiza aseme, alikukanyaga naye.

Ningeweza kujaza kurasa na miaka iliyofuata: michezo mia mbili na kumi na mmoja, waigizaji wachanga aliowatuliza kabla hawajatapika, na mwaka 1968, mwongozaji mmoja kijana aliposema kibanda ni mabaki ya ukale, kikapigiwa kura, kikafungwa kwa mbao. Onyesho la kwanza Bi Clotilde alinunua tiketi, akaketi safu ya tano kama raia. Mwigizaji mkuu aliponyamaza ghafla, neno lilimfikia kutoka safu ya tano. Jumatatu mbao zilitolewa.

Lakini nina jambo jingine. Mwezi Mei nilitumwa kukisafisha kibanda kwa ajili ya makabidhiano, nikakuta karatasi iliyokunjwa, imebanwa nyuma ya taa.

Anthelme alistaafu mwaka 1961. Aliandika hotuba ya kuagana na, kama kawaida yake, asingeweza kuikumbuka, hivyo nakala akampa Bi Clotilde. Mimi ndiye niliyepanga asimame wapi, sikio la kulia kibandani. Alisema vizuri, sentensi baada ya sentensi ikija kutoka chini. Kisha, karibu na mwisho, akasimama, akangoja. Lililokuja lilikuwa neno la kufungia. Aliinamisha macho kibandani, akafungua mdomo, akatafuta, hakupata. Akalisema neno la kufungia, watu wakapiga makofi.

Baadaye, akiwa ameshika glasi, aliniambia, "Ameruka."

"Nani?"

"Unamjua."

Alifariki miaka minne baadaye. Karatasi niliyoikuta ni nakala ile ya hotuba, mwandiko ni wa Anthelme, na kifungu kilichorukwa kimekatwa kwa mstari mmoja mwembamba wa penseli. Bi Clotilde hajui kwamba ninayo. Nakiweka hapa, na safari hii kimekwisha kuchapwa, hakirukiki:

"Jumapili ile nimewadanganya nyote. Sikuona polisi, sikukata shauri. Nilipoambiwa, miguu ilikataa. Mwanamke aliyekaa chini alinipa maneno, na nilipokuwa nimeshindwa hata na maneno alinipa miguu: wa kulia, wa kushoto, ngazi, tabasamu. Alijua watamchukua yeye. Tangu niliporudi, mnapoona nimepotewa jukwaani, si kila mara nimepotewa. Mara nyingine neno ninalo mdomoni. Nanyamaza tu nisikie kama bado yupo."

Bi Clotilde, kwa niaba ya waliosahau na waliojifanya wamesahau, ahsante. Unakwenda kuishi kwa dada yako huko Annonay, ghorofa ya tatu, na naambiwa kuna baraza inayotazama mto. Tunakuombea afya, majirani wenye maneno mengi, na miaka mirefu ya kuketi mahali penye jua, uso ukiwa umewaelekea watu.

Yvonne Chapotard, chumba cha maleba